Namba 211: Historia ya Daftari la Huduma Nchini Marekani

Namba 211 ni namba fupi ya simu ambayo mkazi wa Marekani au Kanada huipiga ili aelekezwe kwenye huduma za afya na ustawi wa jamii zilizo karibu naye. Wengi wanaopiga wana shida za kawaida za maisha: umeme unakaribia kukatwa, kodi ya nyumba imemshinda mtu, mama mzee hawezi tena kujihudumia, chakula kimekwisha na siku ya mshahara bado iko mbali. Mhudumu anayepokea simu hatoi fedha, chakula wala dawa. Husikiliza, huuliza, kisha humtajia mpigaji ofisi, zahanati, kanisa au shirika linaloweza kumsaidia, pamoja na anwani, saa za kazi, masharti na nyaraka za kwenda nazo. Kwa hiyo 211 ni tofauti na 911, ambayo huita polisi, zimamoto na gari la wagonjwa, na pia na 988, iliyoanza Julai 2022 kwa walio katika hatari ya kujiua au walioelemewa na msongo wa akili. Msomaji wa Kenya au Tanzania anayeifahamu namba 116 ya msaada kwa watoto ataona mfanano, ila 211 haikuwekewa rika moja wala tatizo moja.

Tarakimu hizo tatu ni za juzi tu. Kazi iliyo nyuma yake ina zaidi ya miaka 100, na kwa muda mwingi wa miaka hiyo simu ilikuwa chombo tu. Kiini cha kazi kilikuwa daftari, yaani orodha ya huduma zilizopo mjini, iliyohakikiwa na kupangwa ili jibu lipatikane wakati mwenye shida bado anasubiri. Wanaosifiwa katika historia za namba hii ni wakuu wa mashirika na wanasiasa. Sifa kubwa zaidi inawastahili makarani walioitunza orodha hiyo, kwa kuwa namba isiyo na orodha sahihi humpotezea mtu siku nzima na nauli.

Mwanzo wa daftari hilo ni miji ya viwanda ya karne ya 19. Baada ya mdororo wa uchumi wa 1873, miji ya Marekani ilijaa watu wasio na kazi, wengi wao wahamiaji kutoka Ulaya. Misaada ilikuwapo, lakini ilitolewa na mikono mingi isiyojuana: makanisa, vyama vya watu wa taifa moja, nyumba za mayatima, matajiri wenye huruma, ofisi za manispaa. Mwaka 1877, mjini Buffalo katika jimbo la New York, mchungaji S. Humphreys Gurteen aliongoza kuanzishwa kwa Charity Organization Society, chama cha kuratibu misaada kilichofuata mfano wa chama cha London cha mwaka 1869. Miji mingine ikaiga haraka.

Vyama hivi vilifungua madaftari, lakini si ya huduma. Yaliandikwa majina ya maskini. Boston ilikuwa na rejista ya namna hiyo tangu 1876: kila shirika lilipeleka majina ya familia lililozisaidia, na shirika lingine lingeweza kuuliza kama familia fulani tayari inajulikana. Nia ilikuwa kuzuia mtu asipokee mara mbili, maana viongozi wa vyama hivyo waliamini kwamba sadaka isiyochunguzwa huzaa uvivu. Wanawake wa tabaka la juu walitumwa majumbani kuwatembelea maskini, kuwapa mawaidha na kuandika walichokiona. Ni urithi wenye kasoro kubwa, na waandishi wa historia ya ustawi wa jamii wameulaumu kwa haki. Hata hivyo rejista hiyo ilifundisha jambo lenye manufaa: kabla ya kumwelekeza mtu popote, lazima pawe na mahali pamoja panapojua nani anatoa nini. Kutokana na hitaji hilo vyama vilianza kuchapisha vitabu vya orodha ya mashirika ya hisani, na kidogo kidogo jicho la karani likahama kutoka kwa mwombaji kwenda kwenye huduma.

Mkondo mwingine ulitoka kwenye nyumba za jirani, yaani nyumba za mitaa ya wafanyakazi ambamo wasomi walihamia na kuishi. Hull House, iliyofunguliwa Chicago mwaka 1889 na Jane Addams na Ellen Gates Starr, ndiyo mashuhuri zaidi. Wahamiaji wa mtaa huo walikuja kuuliza mambo ya kila siku: mtoto apelekwe hospitali gani, mwajiri asiyelipa ashtakiwe wapi, barua ya serikali inasema nini. Hapa aliyeuliza hakuchunguzwa tabia kwanza. Alijibiwa kama jirani, na desturi hiyo ya kumjibu mtu bila kumhukumu ndiyo iliyokuja kuwa adabu ya taaluma nzima.

Wakati huohuo fedha za hisani zilianza kukusanywa kwa pamoja. Denver ilifanya mchango wa pamoja kwa mashirika yake kuanzia 1887, na Cleveland ikaupa utaratibu thabiti mwaka 1913. Kutokana na juhudi kama hizo ulizaliwa mtandao unaojulikana leo kwa jina la United Way, ambao ungekuja kuwa mlezi mkuu wa 211. Sababu ni rahisi kuiona: anayegawa fedha kwa mashirika yote ya mji hulazimika kuyajua yote, hivyo orodha nzuri kuliko zote aghalabu ilikuwa kwenye kabati lake.

Vita vya Pili vya Dunia vilileta mfano uliowavutia Wamarekani wengi. Uingereza ilitangaza vita tarehe 3 Septemba 1939. Siku iliyofuata zilifunguliwa ofisi 200 za Citizens Advice Bureau, ambako raia yeyote aliweza kuuliza jambo lolote bila malipo. Wengi waliokuwa wakijibu walikuwa watu wa kujitolea. Maswali yalihusu kadi za mgawo wa chakula zilizopotea, ndugu wasiojulikana walipo, wafungwa wa vita, madeni yaliyomwelemea mke baada ya mume kuitwa jeshini, watoto waliohamishiwa vijijini. Gari la kusafirishia farasi liligeuzwa ofisi, likawa linaegeshwa karibu na mitaa iliyopigwa mabomu ili watu waliotoka kwenye vifusi wapate pa kuuliza bila kutembea mbali. Kufikia 1942 ofisi zilikuwa zaidi ya 1,000.

Marekani ilijaribu jambo la aina hiyo vita vilipokuwa vinaelekea mwisho. Mamilioni ya askari walikuwa wanarudi, kila mmoja na haki zake za masomo, mkopo wa nyumba, matibabu au mafunzo ya kazi, na haki hizo zilitawanyika katika ofisi nyingi. Vikafunguliwa zaidi ya vituo 3,000 vya ushauri kwa askari na familia zao. Vilifanya kazi nzuri, kisha fedha zikakauka na karibu vyote vikafungwa ndani ya miaka michache. Vichache vilipona kwa kuchukuliwa na mabaraza ya ustawi wa miji. Hasara hii ni ya kusikitisha kuliko inavyosimuliwa kwa kawaida. Uingereza iliziweka ofisi zake na zipo hadi leo, ilhali Marekani iliufuta utaratibu uliokwisha kuenea nchi nzima, ikaja kuujenga upya kipande kwa kipande kwa miaka 50 iliyofuata.

Ujenzi huo ulianza kwa nguvu katika miaka ya 1960, na uliletwa na wingi wa huduma zenyewe. Mwaka 1964 serikali ya Rais Lyndon Johnson ilianza mpango wake wa kupambana na umaskini. Mwaka 1965 zikaja bima za Medicare na Medicaid pamoja na sheria ya huduma kwa wazee. Kila mpango ulikuwa na fomu zake, vigezo vyake na ofisi zake. Mwaka 1966 Alfred Kahn, profesa wa ustawi wa jamii katika Chuo Kikuu cha Columbia, alitoa utafiti uliopendekeza vituo vya taarifa mitaani, akitazama sana mfano wa Uingereza. Hoja yake ilikuwa kwamba haki isiyojulikana na mwenyewe haimfai, na anayeikosa mara nyingi ni yule aliyeihitaji zaidi.

Mwaka 1973 sheria ya huduma kwa wazee ilirekebishwa, na kazi ya kutoa taarifa na kuelekeza ikapewa uzito wa pekee ndani yake. Mwaka huohuo watendaji wa kazi hiyo waliunda chama chao, Alliance of Information and Referral Systems, kilichojulikana kwa kifupi kama AIRS. Hata maktaba za umma ziliingia. Maktaba ya Detroit, mji uliokuwa ukipoteza viwanda na wakazi, iliwapa wakutubi wake jukumu la kukusanya taarifa za huduma za mitaa na kuzitoa kwa simu na ana kwa ana. Kwa mkutubi hii haikuwa kazi ngeni, kwani alikuwa tayari amefundishwa kupanga taarifa na kumsaidia msomaji aseme anachokitafuta hasa.

Simu nazo zilikuwa zimeanza kutumika kwa shida za moyoni. Mjini London mchungaji Chad Varah alianzisha Samaritans mwaka 1953 kwa ajili ya watu wanaofikiria kujiua. Los Angeles ilipata kituo chake cha kuzuia kujiua mwaka 1958. Katika miaka ya 1960 na 1970 namba za msaada ziliota kama uyoga: za vijana waliotoroka nyumbani, za dawa za kulevya, za wanawake wanaopigwa, za sumu, za wazee. Tangu 1967 namba za 800 ziliwezesha mtu kupiga simu ya mbali bila kulipa, na idadi ikazidi kupanda. Kila namba ilikuwa na faida yake. Zilipojumlishwa zikawa tatizo jipya, maana mtu mwenye shida tatu alipaswa kujua namba tatu, na aliyekuwa kwenye taharuki hakukumbuka hata moja.

Ndani ya vituo hivyo kazi ilifanywa kwa kadi. Juu ya meza ya mhudumu palikuwa na trei la kadi au gurudumu la kuzungusha, kadi moja kwa kila shirika: jina, anwani, simu, jina la mtu wa kuulizia, saa, masharti. Shirika lililohama lilifutwa na kuandikwa upya. Wahudumu watatu katika chumba kimoja wangeweza kuwa na matrei matatu yasiyofanana, na mhudumu mzoefu alibeba kichwani mambo mengi kuliko yaliyoandikwa: kwamba ofisi fulani hufunga mapema Ijumaa, kwamba kanisa fulani hutoa viatu vya watoto shule zinapofunguliwa. Akistaafu, elimu hiyo iliondoka naye.

Tarakilishi zilipoingia vituoni katika miaka ya 1980, udhaifu mwingine ukajitokeza. Mashine haiwezi kubahatisha kama binadamu. Kituo kimoja kiliandika msaada wa chakula, kingine mgao wa vyakula, cha tatu ghala la chakula, na mashine ikavihesabu kuwa vitu vitatu. Suluhisho lilitoka INFO LINE ya Los Angeles, kituo kilichohudumia kaunti yenye watu wengi kuliko zote nchini. Huko Georgia Sells aliongoza utungaji wa mfumo wa uainishaji wa huduma za jamii, kazi iliyoanza kutumika katika muongo huo na kukubaliwa baadaye na AIRS kwa nchi nzima.

Mfumo huo unafaa kutazamwa kwa karibu, kwa sababu bila huo 211 isingewezekana. Huduma zote zimegawanywa katika mafungu makubwa yanayoanza na herufi. B ni mahitaji ya msingi, L ni afya, F ni sheria na haki ya jinai, N ni kipato na ajira, R ni afya ya akili na matumizi ya dawa za kulevya. Chini ya kila herufi matawi hushuka hadi huduma moja mahsusi. Vituo vya kugawa vyakula vya kupika nyumbani, kwa mfano, vina alama BD-1800.2000, navyo havichanganywi na jiko linalogawa chakula kilichopikwa. Tofauti hiyo ni kubwa kwa mtu anayelala nje: mfuko wa mchele na maharage haumfai asiye na moto wala sufuria. Kila istilahi ina fasili yake, pamoja na maneno mengine ambayo watu hutumia kwa jambo hilohilo, ili mhudumu wa Atlanta na mwenzake wa Seattle wakitafuta wafike mahali pamoja. Mfumo una maelfu ya istilahi na huongezwa kila mara, maana shida mpya huzaliwa.

Namba fupi ilikuwa na historia yake pembeni. Simu ya kwanza ya 911 ilipigwa Haleyville, Alabama, tarehe 16 Februari 1968. Namba za tarakimu tatu zinazoishia na 11 ni nane tu, kuanzia 211 hadi 911, na nyingi zilikuwa zimeshikwa: 411 kwa kuulizia namba za watu, 611 kwa matengenezo ya simu, na mwaka 1997 serikali ya shirikisho iliitenga 311 kwa masuala ya polisi yasiyo ya dharura. Mwaka huohuo wa 1997 tawi la United Way la Atlanta, baada ya kupata idhini ya wasimamizi wa huduma za umma wa jimbo la Georgia, lilianza kuitumia 211 kama mlango mmoja wa huduma zote za jamii katika eneo la mji huo, saa 24. Ndiyo 211 ya kwanza nchini.

Connecticut ilifuata mwaka 1999 ikiwa jimbo la kwanza kuwa na 211 kila kona yake. Ilikuwa na mtaji ambao wengine hawakuwa nao: huduma iitwayo Infoline, iliyoendeshwa na United Way kwa ushirikiano na serikali ya jimbo tangu 1976. Orodha moja ya jimbo zima ilikuwa tayari imetunzwa zaidi ya miaka 20, hivyo kilichobadilika ni namba tu.

Kabla ya hapo, Mei 1998, AIRS, United Way ya taifa, matawi ya Atlanta na Connecticut, pamoja na mitandao ya Florida na Texas, walipeleka ombi kwa Tume ya Mawasiliano ya Shirikisho wakitaka 211 itengwe kwa kazi hii nchi nzima. Hoja zao zilikuwa za maisha ya kawaida: watu hawajui pa kuanzia, huishia kupiga 911 kwa mambo yasiyo ya dharura, au hukata tamaa baada ya kurushwa kutoka ofisi hadi ofisi. Tarehe 21 Julai 2000 Tume ilikubali, na katika uamuzi uleule ikaitenga 511 kwa taarifa za barabarani. Kampuni ya simu ikiombwa na kituo kinachostahili, ilitakiwa kuachia matumizi mengine yoyote ya 211 na kuielekeza kwenye kituo hicho.

Uamuzi huo ulitoa namba bila kutoa senti. Pia haukumtaja nani aiendeshe, hivyo kila jimbo lilijipangia. Texas iliiweka chini ya wizara yake ya afya na huduma za jamii. Kwingine ilishikwa na United Way, kwingine na vituo vya kuzuia kujiua, kwingine na serikali za kaunti. Kiufundi, 211 haiendi popote yenyewe. Mitambo ya kampuni ya simu huitafsiri kuwa namba ya kawaida ya kituo cha eneo alipo mpigaji. Kwa simu za mezani hilo lilihitaji kupanga mitambo ya kila eneo. Simu za mkononi zilileta taabu zaidi, kwani mnara mmoja huhudumia kaunti mbili na mtu husafiri na namba ya jimbo lingine. Kwa miaka kadhaa mtu aliweza kupiga 211 kwa simu ya nyumbani akajibiwa, akapiga kwa simu ya mkononi akaambiwa namba haipo.

Majanga ndiyo yaliyowafungua macho wanasiasa. Baada ya mashambulizi ya tarehe 11 Septemba 2001, familia za Connecticut zilizopoteza jamaa zilikuwa na namba moja ya kupiga. Mji wa New York, wenye mashirika ya hisani mengi mno, haukuwa nayo, na waathiriwa walizunguka kutoka foleni moja hadi nyingine.

Kimbunga Katrina kilipiga Louisiana tarehe 29 Agosti 2005. Kituo cha New Orleans, VIA LINK, kililazimika kuhama na simu zake zikaelekezwa Monroe, mji mdogo wa kaskazini mwa jimbo. Chumba kilichozoea simu chache kikawa mlango wa mamia ya maelfu ya watu waliotawanyika. Wahudumu wa 211 kutoka majimbo mengine walisafiri kwenda kusaidia, na hapo kazi ya uainishaji ya Los Angeles ilidhihirisha thamani yake: mgeni aliyekaa kwenye kiti cha Monroe kwa mara ya kwanza alikuta orodha imepangwa kama ya kwao. Ila orodha yenyewe ilikuwa inabadilika kila saa. Makazi ya muda yalijaa, mengine yakafunguliwa shuleni na makanisani, zahanati zilikuwa zimezama. Walioihariri orodha usiku kucha walifanya kazi sawa na ya waliopokea simu. Mwezi uliofuata kikaja kimbunga Rita, na Texas baadaye ikaipa 211 yake jukumu la kuandikisha mapema wagonjwa, wazee na wasio na usafiri, ili wafuatwe kabla dhoruba haijafika.

Oktoba 2007 moto wa nyika ulipozunguka San Diego, mamia ya maelfu ya wakazi waliamriwa kuhama. Kituo cha 211 cha hapo, kilichofunguliwa 2005, kilipokea zaidi ya simu 100,000 kwa siku chache, huku wakazi wa kawaida wakijitokeza kujifunza kazi ndani ya saa moja na kukaa kwenye simu. Watu waliuliza barabara zipi ziko wazi, farasi wapelekwe wapi, kama mtaa wao bado upo. Simu za namna hiyo zingeiangukia 911, ambayo ilihitajika kwa walio katikati ya moshi.

Pamoja na hayo, fedha hazikupata mwenyewe. Mwaka 2003 maseneta Hillary Clinton wa Democrat na Elizabeth Dole wa Republican waliwasilisha mswada wa kutoa fedha za shirikisho kwa 211 nchi nzima. Mswada huo ulirudishwa bungeni mara kadhaa katika miaka iliyofuata bila kupita. Vituo vikaendelea kuishi kwa kuunganisha michango ya United Way, ruzuku za kaunti, mikataba ya majimbo na misaada ya wakfu. Ndiyo maana kituo kimoja huwa na wahudumu wa kutosha usiku kucha, na cha jimbo jirani humweka mpigaji kwenye foleni ndefu. Kwa huduma inayotegemewa kiasi hiki, utaratibu huo ni wa aibu. Hata hivyo mtandao ulienea majimbo yote 50, Washington na Puerto Rico, kwa zaidi ya vituo 200.

Kanada ilipita njia fupi zaidi. Mdhibiti wa mawasiliano aliitenga 211 mwaka 2001, Toronto ikaanza Juni 2002, na kwa msaada wa serikali wakati wa janga la UVIKO-19 huduma ikafika nchi nzima mwaka 2020.

Simu yenyewe ina utaratibu uliokomaa kwa miaka mingi. Mhudumu huanza kwa kuuliza msimbo wa posta, kwa sababu huduma nyingi zina mipaka ya eneo. Mpigaji akisema umeme utakatwa kesho, mhudumu humtajia mpango wa shirikisho wa nishati uitwao LIHEAP, ulioanzishwa 1981, na kama fedha za msimu zimekwisha, mashirika ya mtaa yanayolipa sehemu ya bili. Kisha huuliza zaidi. Mara nyingi bili ni dalili: kazi imepotea, mume ameugua, kuna mtoto mchanga anayehitaji maziwa na mama hajui kama anastahili mpango wa lishe wa WIC. Mpigaji dhaifu hapewi namba na kuachwa. Mhudumu humuunganisha mwenyewe na ofisi husika na kubaki kwenye laini mpaka apate wa kuzungumza naye.

Lugha ni sehemu ya utaratibu huo, na hapa Kiswahili kina nafasi yake. Vituo hutumia wakalimani wa simu, mtu wa tatu anayeingizwa kwenye mazungumzo. Katika miaka kadhaa ya muongo wa 2010, Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo iliongoza kwa idadi ya wakimbizi waliopokelewa Marekani. Wengi wao walitoka mashariki ya nchi hiyo baada ya kukaa miaka mingi kambini Nyarugusu nchini Tanzania, Nakivale nchini Uganda, au Burundi na Kenya, na Kiswahili ndicho walichoelewana nacho na majirani. Familia hizo zilipelekwa miji kama Louisville na Boise, na misaada ya mwanzo ya serikali huisha mapema. Baada ya hapo swali la bili, daktari au shule huenda likaulizwa kwa 211, na inatosha mpigaji ataje jina la lugha yake ili mkalimani aitwe. Kukalimani mazungumzo hayo si kazi nyepesi: mkalimani wa Mombasa na mpigaji wa Uvira, mashariki ya Kongo, wana Kiswahili kimoja chenye maneno tofauti ya vitu vya nyumbani, na mifumo ya bima ya Marekani haina mwenziwe katika maisha ya kambini.

Kila simu huacha kumbukumbu isiyo na jina: shida iliyoelezwa, eneo, na kama huduma ilipatikana. Chuo Kikuu cha Washington mjini St. Louis kilijenga mfumo uitwao 211 Counts unaoonyesha kwenye ramani watu wa kila mtaa wanaomba nini, karibu siku kwa siku. Nyumba na bili za umeme, gesi na maji hushika nafasi za juu sehemu nyingi. Janga la 2020 lilipofunga kazi, ramani hizo zilionyesha njaa ikipanda kabla takwimu rasmi hazijatoka. Boston ya 1876 iliandika majina ya maskini ili kuwapunguzia misaada. Kumbukumbu hizi huonyesha mahali ambapo misaada haitoshi, na mabaraza ya miji yamezitumia kupanga bajeti.

Tangu muongo wa 2010 orodha yenyewe imegombaniwa. Hospitali na makampuni ya bima yalianza kuwauliza wagonjwa kuhusu chakula na makazi, yakahitaji pa kuwaelekeza. Kampuni za kibiashara zikaingia: Aunt Bertha, iliyoanzishwa Texas mwaka 2010 na kubadili jina kuwa findhelp, na Unite Us ya 2013. Kila moja ilijenga hifadhidata yake ya huduma zilezile. Kanisa lenye wahudumu wawili na jokofu moja likajikuta linapigiwa simu na orodha nne zinazotaka kuhakiki saa zake. Mradi wa Open Referral, ulioanza 2014, ulitunga kanuni ya pamoja ya kuandika taarifa hizo ili orodha moja iliyotunzwa vizuri iweze kutumiwa na wengi, na vituo kadhaa vya 211 vimeikubali. AIRS, iliyobadili jina kuwa Inform USA mwaka 2023, imeendelea kushikilia kiwango chake cha zamani: kila huduma iliyomo kwenye daftari ihakikiwe na shirika linaloitoa angalau mara moja kwa mwaka, na ile isiyothibitika iondolewe.